Kusoma vinasaba ili kutambua maambukizi kwa wenye VVU: maana yake ni nini?

Vipimo vingi vya maabara hujibu swali moja tu. Cha kifua kikuu hutafuta kifua kikuu, cha fangasi wa kriptokoka hutafuta kriptokoka, basi. Kwa hiyo daktari lazima ashuku ugonjwa kwanza ndipo aagize kipimo chake. Kwa mtu mwenye VVU ambaye CD4 zake (chembe za kinga ambazo VVU huziharibu) zimeshuka chini ya 200, hapo ndipo penye ugumu. Kichwa kinamuuma, ana homa, anachanganyikiwa: inaweza kuwa kriptokoka, toksoplasma (kimelea kinachoshambulia ubongo), kifua kikuu cha ubongo, au mawili kwa mpigo. Tena kinga ikiwa dhaifu, vipimo vinavyotegemea kingamwili vinaweza kusema hakuna kitu na kumbe ugonjwa upo.

Kusoma mfuatano wa vinasaba kwa upana huanza bila kumshuku kimelea yeyote. Huchukuliwa sampuli, tuseme maji ya uti wa mgongo au maji yaliyosafishia mapafu, na vinasaba vyote vilivyomo hutolewa, vya mgonjwa na vya vimelea pamoja. Mashine husoma mamilioni ya vipande vyake, herufi kwa herufi: A, C, G, T. Kompyuta huondoa vya binadamu, na vinavyobaki hulinganishwa na hazina ya vinasaba vya bakteria, virusi, fangasi na vimelea wengine wanaojulikana. Kwa virusi ambavyo vinasaba vyake ni RNA badala ya DNA, RNA hiyo hugeuzwa kwanza kuwa DNA, la sivyo havitaonekana.

Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walichapisha habari za mvulana wa miaka 14 aliyezaliwa na upungufu mkubwa wa kinga (si VVU) na ambaye ubongo wake ulikuwa umevimba bila chanzo kujulikana. Katika vipande zaidi ya milioni 3 vilivyosomwa kwenye maji ya uti wake wa mgongo, 475 vilikuwa vya bakteria wa leptospira. Alipewa penisilini, akapona. Vipande 475 katika milioni 3! Ndiyo maana kazi hii inahitaji uangalifu mkubwa: kiasi kama hicho kinaweza pia kutoka kwenye ngozi ya mgonjwa, au hata kwenye kemikali za maabara zenyewe. Maabara nzuri hupitisha sampuli tupu sambamba na ya mgonjwa ili kujua uchafu wake unafananaje.

Kwa wenye VVU kuna mtego mwingine, na mimi nauona ndio mkubwa zaidi. Kinga ikishuka, virusi vilivyojificha mwilini miaka mingi, kama Epstein-Barr na saitomegalo, huamka. Majibu yanaweza kuorodhesha vimelea wanne au watano, na si wote wanaomuumiza mgonjwa. Daktari hulinganisha orodha hiyo na dalili, picha za ubongo au mapafu, na idadi ya CD4, ndipo aamue yupi wa kutibu.

Njia hii pia haishindi vipimo rahisi katika kila jambo. Kipimo cha antijeni ya kriptokoka (chembechembe za fangasi huyo mwenyewe) hutoa jibu kwa dakika kumi hivi, bila mashine kubwa, na ni makosa kukiruka kwa kusubiri majibu ya vinasaba. Bakteria wa kifua kikuu nao wana ukuta mgumu kuvunja, na kwenye maji ya uti wa mgongo huwa wachache sana, hivyo kusoma kwa upana kunaweza kuwakosa. Jibu la "hakuna kilichoonekana" halimtoi mgonjwa kwenye dawa za kifua kikuu ikiwa dalili zote zinaelekea huko.

Ipo pia njia nyembamba zaidi, ya kusoma jeni chache zilizochaguliwa. Hiyo mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye mwongozo wake wa kupima usugu wa kifua kikuu kwa dawa. Kupima usugu kwa kuotesha bakteria wa kifua kikuu maabara huchukua wiki kadhaa, na mtu mwenye CD4 za chini mara nyingi hana wiki hizo.