Kibonge, kimbaumbau na yale tunayokosea kuhusu mafuta ya mtoto

Dhana: mtoto kibonge amelishwa vizuri.

Mafuta huonyesha akiba ya nishati tu. Hayasemi lolote kuhusu madini ya chuma, vitamini A wala madini joto. Mtoto anayeshinda kwa chai, maandazi na chipsi anaweza kunenepa huku damu ikimpungukia. Hata aliyedumaa akiwa mdogo anaweza kufika darasa la tano akiwa mfupi na mnene kwa wakati mmoja.

Dhana: chati ya watu wazima inamfaa pia mwanafunzi.

Hili ndilo linalonikera zaidi. Chukua msichana wa miaka 10, kilo 32, urefu sentimita 140. Gawanya uzito kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 16.3; hiyo ndiyo BMI, uwiano wa uzito na urefu. Kwa mtu mzima, chini ya 18.5 ni wembamba uliopita kiasi. Kwa binti huyu ni sawa kabisa. Wenye miaka 5 hadi 19 wana chati zao za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2007, za wavulana mbali na za wasichana, na husomwa kwa umri. Mistari ya chati huonyesha mtoto yuko mbali kiasi gani na wa kati wa umri wake: aliyevuka mstari wa +1 amezidi uzito, aliyevuka +2 ana unene uliokithiri, aliye chini ya −2 amekonda. Na msichana anapobalehe huongezeka mafuta nyongani na mapajani. Ndivyo mwili unavyokua, asinyimwe chakula kwa hilo.

Dhana: utepe wa rangi wa kliniki unapima mtoto yeyote.

Ule unaozungushwa mkono wa juu, wenye nyekundu chini ya sentimita 11.5, ni wa miezi 6 hadi 59. Ukimfunga nao mtoto wa miaka tisa, kijani kinaweza kutokea hata kama amekonda.

Dhana: mzani wa umeme unayaona mafuta.

Hauyaoni. Hupitisha umeme hafifu, hupima jinsi unavyopenya maji ya mwilini, kisha hukadiria. Mtoto aliyetoka kucheza mpira na kiu yake atapewa jibu jingine. Kalipa, kifaa kama koleo kinachobana ngozi nyuma ya mkono, katikati ya bega na kiwiko, hugusa mafuta yenyewe, lakini inataka mkono uliozoea: ukibana na msuli, umeharibu kipimo. Rudia mara mbili au tatu, na mtoto yuleyule apimwe na mtu yuleyule.