Paka anayenyonyoka bila kujikuna

Mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, alituletea sisi waganga wa wanyama paka wake dume ndani ya kikapu cha sokoni, amefunikwa kitenge. Paka ana miaka 13. "Munganga, nimemwogesha na dawa ya viroboto mara tatu, bado ananyonyoka tu." Tumbo lote lilikuwa wazi, pamoja na sehemu ya ndani ya mapaja. Nilishika kishungi cha manyoya kwa vidole viwili, kikatoka chote bila paka kushtuka. Ngozi iliyobaki chini ilikuwa laini na inang'aa kama sahani iliyopakwa mafuta. Sikuona kiroboto hata kimoja. Nilipopitisha mkono mgongoni, mifupa ya uti ilihesabika mmoja mmoja, na hilo mama hakuwa amelitaja. Yeye alikuja kwa ajili ya manyoya.

Paka wengi wenye ngozi mbaya hapa Lubumbashi wana viroboto, utitiri, au choa, ambayo watoto wa nyumbani nao huipata. Wengi wa hao hujikuna, na kwa dawa sahihi hupona. Ninaowaandikia leo ni wale wachache ambao ngozi yao inasema habari za ndani.

Paka mzee anayekonda, ananyonyoka tumboni, miguuni na usoni, na ngozi yake inang'aa hivyo, hutufanya tufikirie saratani ya kongosho, au pengine ya mirija ya nyongo. Mara nyingi ikigunduliwa imeshafika kwenye ini, na sitamdanganya mtu kwamba tuna dawa yake. Kazi inayobaki ni kumpunguzia maumivu na kumwambia mwenye paka ukweli.

Lakini tumbo wazi peke yake halitoshi kukuogopesha. Pitisha kidole kinyume na mlalo wa manyoya, pembeni mwa sehemu iliyo wazi. Ukihisi ncha zinachoma kama ndevu za jana, paka anajilamba mpaka anayakata. Hapo ulimi ndio unaonyonyoa, na sababu inaweza kuwa viroboto, au kibofu kinachomuuma chini ya ngozi ileile anayoilamba. Angalia kama anaingia na kutoka kwenye mchanga wake akitoa matone tu. Dume aliyeziba mkojo kabisa ni wa kuletwa siku hiyohiyo, hata usiku.

Kuna ngozi nyingine inayoniogopesha zaidi mkononi: ile inayochanika. Unamshika paka shingoni kama ulivyozoea, na ngozi inapasuka kama karatasi iliyolowa, bila damu nyingi. Chanzo huwa tezi zilizo juu ya figo zinazomwaga homoni kupita kiasi, na wengi wa paka hao wana kisukari pia: wanakunywa maji sana na kukojoa sana. Ini lililojaa mafuta nalo linaweza kuidhoofisha ngozi vilevile. Wakati mwingine tatizo tumelitengeneza wenyewe. Nimepokea paka aliyechomwa "sindano ya kuwashwa", yaani ya kutuliza muwasho, yenye dawa inayofanana na homoni hizo, kila mwezi, hakuna aliyeuliza kwa nini anawashwa. Ncha za masikio zilikuwa zimejikunja na ngozi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu.

Magamba makubwa yanayoanza kichwani na masikioni, yakidondoka kama pumba, tena paka hajikuni sana, yanaweza kutoka kwenye uvimbe wa tezi iliyo kifuani mbele ya moyo. Huu nautaja kwa furaha kidogo, kwa sababu uvimbe ukiondolewa kwa upasuaji, ngozi inaweza kurudi kuwa nzima. Ndiyo maana paka wa magamba tunampiga radio ya kifua, yaani picha ya eksirei, na watu wanashangaa.

Hata paka mzee anayechechemea huenda ana ugonjwa wa ndani. Vidole vimevimba, kucha zinatoka usaha, nyumbani wanasema amekanyaga msumari. Kidole kimoja, labda. Vikiwa viwili au vitatu, kwenye miguu tofauti, mpigeni radio ya mapafu kabla ya mtu yeyote kukata kidole, maana saratani ya mapafu ya paka hupenda kushukia huko.

Umanjano, ambao mara nyingi hutoka kwenye ini, unaonekana kwenye mwanga wa jua, ndani ya sikio na kwenye ufizi. Paka mnene aliyekaa siku mbili au tatu bila kula asingojewe mpaka awe manjano, maana ini lake linaweza kujaa mafuta.

Sasa zile dawa za nyumbani. Oili chafu ya gari, hapana: kila unachompaka paka, atakilamba. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permetrini inaweza kumtetemesha mpaka kufa. Parasetamoli, hata kipande cha kidonge, inaweza kumuua.

Ukimleta, mweke ndani ya kikapu juu ya kitambaa, usimbebe kwa ngozi ya shingo. Njoo na jibu la tangu lini ameacha kula vizuri. Na usimwogeshe kwanza kwa kuona haya: magamba yale na manyoya yanayong'oka ndiyo tunayotaka kuyaona.