Kromatini haitembei, inacheza

Juzi kwenye daladala kutoka Sabasaba nilikaa nyuma ya vijana wawili waliokuwa wanaulizana maswali ya mtihani. Mmoja akasema, "Kromatini inatembea ndani ya kiini mpaka ifike inapohitajika." Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno, hata kwa wanaofundisha.

Kromatini ni DNA, uzi unaobeba taarifa za urithi, pamoja na protini zake, hasa histoni ambazo uzi huo hujizungushia. Seli ya binadamu ina kama mita 2 za DNA ndani ya kiini chenye upana wa mikromita 10 hivi (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita).

Jina lilitolewa na Mjerumani Walther Flemming, karibu mwaka 1880, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya rangi, kwa kuwa kitu hicho kilishika rangi vizuri chini ya hadubini. Lakini ili rangi ishike, seli huuawa kwanza kwa kemikali. Kwa hiyo jina limezaliwa kwenye maiti, na picha za vitabuni bado ni za madoa yaliyotulia tuli. Nadhani ndiyo maana mtu akiambiwa kwamba katika seli hai kromatini husogea, anarukia upande wa pili: inatembea!

Miaka ya 1990 watafiti walipachika protini inayong'aa kijani kwenye sehemu moja ya DNA, wakaitazama seli ikiwa hai. Doa lilitikisika bila kupumzika, ila dakika nyingi baadaye lilikuwa bado mtaa uleule, kwa kawaida ndani ya eneo lisilozidi mikromita moja. Si punje iliyo huru. Ni sehemu ya uzi: ikisogea inamvuta jirani, na jirani anairudisha.

Mafundi wa gereji wana neno lake. Tairi likilegea kwenye ekseli wanasema "linacheza". Halijang'oka, wala halijatulia. Sijapata kitenzi kinachoikaa kromatini vizuri kuliko hicho.

Tena haichezi kila kipande peke yake. Mwaka 2013 ilionekana kwamba maeneo yenye upana wa mikromita kadhaa huegemea upande mmoja pamoja kwa sekunde chache, kama majani ya mizabibu ya Hombolo upepo ukipita. Tofauti ni kwamba upepo wa seli hutoka ndani: ATP, kemikali inayoipa seli nishati, ikiisha, kule kwenda pamoja kunakoma, unabaki mtetemo wa joto tu.

Kusafiri kweli kupo, seli inapogawanyika, nyuzi za protini zinapovuta kromosomu, yaani kromatini iliyokunjwa ikashikamana, kwenda ncha mbili. Hapo nitakubali hata "inatembea".

Kijana yule hakuwa mbali, maana sehemu mbili za DNA zilizo jirani hukutana kwa kuchezacheza huko huko. Basi mdogo wangu, swali likija, andika kwamba inacheza mahali pake. Ukihofia msahihishaji, andika "hutikisika ndani ya eneo dogo".