Ukimpeleka mtoto Makumbusho ya Boma Arusha, haya usimwambie

Wakuu, kuna mambo tunawaambia watoto pale makumbusho ambayo siyo kweli, na mtoto akishalishika jambo akiwa na miaka saba kulitoa kichwani ni kazi.

Kwanza sehemu yenyewe, maana wengi wanachanganya. Ukimwambia bodaboda makumbusho tu anaweza kukushusha kwenye ile ya Azimio la Arusha, karibu na mnara wa Mwenge, ile ni ya Azimio la 1967 na siasa za nchi. Ya historia ya asili ipo Boma Road ukipandisha kutoka mnara wa saa, kwenye lile boma la Wajerumani la mwaka 1900. Na siyo ya watalii tu, Mtanzania kiingilio chake ni cha chini kuliko cha mgeni.

Sasa kubwa kuliko zote: "Huyu Zinjanthropus ndo babu yetu." Hapana jamani. Huyu Zinj, kiumbe wa kale aliyefanana na binadamu ambaye fuvu lake lilipatikana Bonde la Oldupai, ni ndugu wa pembeni kwenye ukoo, tawi lake lilikatika zaidi ya miaka milioni moja iliyopita halikuacha uzao. Mwoneshe mtoto magego yake, mapana ajabu ukilinganisha na yetu, halafu mpandishe macho mpaka utosini aone ule mfupa uliosimama katikati, hapo ndo misuli ya taya ilikuwa inajishikiza, yaani kichwa kizima cha kutafuna kwa nguvu. Na aliishi kama miaka milioni 1.75 iliyopita wakati mmoja na Homo habilis, aina nyingine ya binadamu wa kale, hapo hapo Oldupai, kwa hiyo ile picha ya mmoja anageuka kuwa mwingine kwa foleni haiko sawa, kuna wakati walikuwepo wa aina tofauti kwa pamoja.

Pia tunasema aliyemgundua Zinj ni Louis Leakey, yule mtafiti wa mabaki ya kale. Ni mkewe, Mary, tarehe 17 Julai 1959, Louis alibaki kambini anaumwa. Hili ukiwa na binti usiache kumwambia.

Halafu utasikia mzazi anasema "ah, fuvu lenyewe feki, twendeni zetu". Inaniuma kweli hii. Nakala siyo uongo, fuvu halisi lipo Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam na nakala inafuata umbo lake lile lile. Tena Zinj alipatikana bila taya la chini, taya la jamii yake likaja kupatikana 1964 kule Peninj, Ziwa Natron, aliliona Mkenya Kamoya Kimeu. Oldupai, Laetoli, Peninj, zote mkoa wetu wa Arusha!

La sokwe nalo: "Kama tumetoka kwa sokwe mbona wa Gombe hawageuki watu?" Sayansi haisemi tumetoka kwa sokwe. Inasema sisi na sokwe tuna mzazi mmoja wa zamani, miaka milioni sita saba hivi iliyopita, na sokwe nao wamebadilika kwa njia yao. Mzazi mwenye imani yake ana haki ya kuifundisha nyumbani, ila kinachosemwa na sayansi kisemwe kilivyo.

Nyayo za Laetoli, za viumbe wa kale waliotembea kwa miguu miwili kama sisi, watu wanadhani mtu alikanyaga jiwe likabonyea. Lilikuwa jivu la volkano, likaloa mvua kidogo, wakapita, likakauka na kugandana, majivu mengine yakafunika juu, miaka milioni 3.6 na ushee. Hata matone ya mvua yameacha alama. Mwambie mtoto aangalie dole gumba la mguu, limeelekea mbele na wenzake kama letu, wakati la sokwe limechepuka pembeni. Timu ya Mary Leakey ilizifukua kuanzia 1978, baadaye zikafukiwa tena makusudi zisiharibike, kwa hiyo ukiona nakala usinung'unike.

Mwisho dainosaria, maana lazima waulize. Hakuishi na binadamu wala na Zinj, walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Na Oldupai siyo kwao, yule mkubwa maarufu alitoka Tendaguru, Lindi, ana kama miaka milioni 150, Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913. Mtoto akiuliza mbona hayupo Boma, mwambie yuko Berlin, amesimama zaidi ya mita 13, na mifupa yake wapagazi wa huko huko kusini waliibeba vichwani na mabegani kwa miguu hadi bandarini Lindi.