Alabasta: jina la chupa au jina la jiwe?

Mama mdogo ana kisanduku cheupe cha jiwe, anakiweka mezani sebuleni kwake Kirumba, Mwanza. Ndani kuna hereni na shanga. Alikinunua Sirari, mpakani na Kenya, na tangu siku hiyo anakiita "alabasta yangu", kwa ajili ya yule mwanamke wa Injili aliyemmiminia Yesu marhamu kichwani. Jumapili moja binti yake akamuuliza, "Mama, hivi alabasta ni nini hasa?" Swali likasukumwa kwangu.

Tuanze na Biblia yenyewe, maana ndiyo iliyotuletea neno. Katika tafsiri ya Union, Mathayo 26:7 inataja kibweta cha marimari. Tafsiri ya Habari Njema inasema alabasta. Kigiriki kina neno moja tu pale, alabastron. Neno marimari, au marumaru, tumelipata kwa Waarabu, na ni jina la jiwe jingine la urembo. Siku hizi ukimtajia mtu wa Mwanza marumaru atafikiria vigae vya sakafuni. Ndiyo maana naona waliosema alabasta walifanya vyema, hata kama neno lenyewe halina sura kwa wengi wetu.

Kwa Wagiriki, alabastron kilikuwa chombo: kichupa kirefu chembamba, shingo nyembamba, cha kuwekea mafuta ya manukato yatoke tone kwa tone. Vingi vilichongwa kwa jiwe, lakini walivitengeneza hata kwa udongo na kioo, na jina likabaki lile lile. Wako wanaosema neno lilitoka Misri na maana yake ni chombo cha Bastet, mungu wa kike mwenye kichwa cha paka. Wengine wanalihusisha na mji wa Misri ulioitwa Alabastron. Wataalamu hawajafika mwisho wa mjadala huo.

Sasa jiwe. Hapa ndipo watu huchanganywa, kwa sababu jina hili moja limebebeshwa mawe mawili yasiyo na undugu wa karibu.

Alabasta ya Misri ni kalsaiti, yaani madini yale yale yaliyomo kwenye mawe ya chokaa. Hulala tabaka juu ya tabaka, ndiyo maana ukilikata unaona mistari ya rangi ya asali na maziwa. Mafarao walilichimba Hatnub, na kule Kairo msikiti wa Muhammad Ali umepambwa nalo hadi watu wanauita Msikiti wa Alabasta.

Alabasta ya Ulaya, ile ya Volterra huko Italia au ya Nottingham Uingereza, ni jasi. Na jasi unaijua: ndiyo jipsamu ambayo mafundi wanapigia dari, na ndiyo ikichomwa na kusagwa hutoa unga wa P.O.P wa kufungia mguu uliovunjika. Tofauti ni kwamba alabasta ni jasi yenye chembe ndogo zilizoshikana sana, inapendeza ikisuguliwa.

Kuyatofautisha hakuhitaji maabara. Kwaruza kwa ukucha mahali pasipoonekana. Jasi inachubuka, kwani ugumu wake ni 2 kwenye kipimo cha Mohs na ukucha uko kama 2.5. Kalsaiti ni 3. Ukucha utateleza, kisu kitaacha alama. Kwa kulinganisha, jaribu kisu chako kwenye itale ya milima yetu, au kwenye Bismarck Rock pale ziwani, uone kitakachoumia.

Ulaini huo ni neema kwa mchongaji na balaa kwa mwenye nyumba. Jasi huyeyuka kwenye maji, kama gramu 2 kwa lita. Ni kidogo, ila sanamu ya jasi ikiachwa nje kwenye mvua zetu za masika, miaka michache tu pua imekwisha.

Sifa inayoyaunganisha mawe haya mawili ni mwanga. Ukilichonga jembamba, jiwe linapitisha nuru kama karatasi iliyopakwa mafuta. Kule Ravenna, Italia, kaburi linalojulikana kwa jina la Galla Placidia lina madirisha ya alabasta badala ya vioo, na ndani mchana unakuwa wa dhahabu.

Basi umeme ulipokatika jioni ile, nikawasha tochi ya simu na kuitumbukiza ndani ya kisanduku cha mama mdogo. Giza tupu. Kuta zake ni nyembamba, lakini hata wekundu haukupenya. Nikamwambia hili ni jiwe la Kisii, wanalichimba Tabaka huko Kenya. Nalo ni laini, ndiyo maana ukucha peke yake ungetudanganya.

Akakichukua kisanduku, akakifuta kwa upande wa kanga.

"Si umesema Wagiriki waliita alabasta hata ya udongo?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Niachie alabasta yangu."