Antena ya GPS imeandika OK? Usiamini haraka

Ile antena nyeusi yenye sumaku unayobandika juu ya gari ndani ina kaampu kake ka kukuza mawimbi ya satelaiti, na hako kaampu kanakula umeme wa risiva kupitia waya uleule unaoleta mawimbi, volti 3 au 5, miliamp 10 mpaka 20 hivi. Ukilishika hilo basi uongo mwingi unaujua mwenyewe.

Uongo mkubwa ni wa "imeandika ANTSTATUS=OK (ujumbe wa risiva kuhusu hali ya antena) kwahiyo antena nzima, tatizo satelaiti". Wapi! Moduli nyingi za u-blox, yaani visahani vya risiva ya GPS vya kampuni hiyo, zikitoka kiwandani zinaangalia shoti tu, chomoa antena kabisa uone, itakwambia OK na hamna kitu pale. Ili ijue antena haipo lazima aliyechora saketi aweke rezista kwenye njia ya umeme na kitu cha kupima volti zinazopotea juu yake, ohm 10 kwa miliamp 10 ni volti 0.1, zisipoonekana manake hamna anayekula umeme, waya umekatika au konekta imechomoka. Na hata hapo, ikisema ipo inajua tu kuna kitu kinakula. Splita za kugawia antena moja risiva mbili huwa zinawekewa rezista ya ohm 200 makusudi kuidanganya risiva ya pili, kwa volti 5 inaonekana antena safi ya miliamp 25 😂 Mi naangalia nguvu ya satelaiti zenyewe, nje pakiwa wazi nikiona dB-Hz (kipimo cha nguvu ya mawimbi dhidi ya kelele) 40 na kitu natulia, zote zikiwa chini ya 30 naanza kufuata waya.

Afu kuna wanaosema hiyohiyo rezista ya ohm 10 ndo ulinzi tosha wa shoti. Piga hesabu, volti 3.3 ikipata shoti ni miliamp 330, wati 1 na ushee, rezista ndogo ya kwenye moduli inaungua na koili inayopitisha umeme wa antena inaweza kuifuata. Weka swichi inayokata umeme yenyewe, maana fyuzi ya PTC mpaka ipate moto ndo ikate, imechelewa.

Diodi ya kuzuia umeme tuli nayo sio yoyote tu. Yenye kapasitansi ya pikofaradi 10, kwa mawimbi ya megahezi 1575, ni sawa na kuweka ohm 10 kwenda graundi, yaani umejiibia mawimbi mwenyewe. Tafuta ya chini ya 0.5.

Kifaa cha kuzuia radi kwenye waya wa antena ndo kinachekesha. Kuna aina yenye kipande cha waya chenye urefu wa robo ya wimbi kilichoungwa graundi, kwa mawimbi iko poa kabisa ila kwa umeme wa kulisha antena, ambao ni wa DC kama wa betri, ni shoti kwenda graundi, sa fundi anaifunga kwenye mlingoti, risiva inalalamika shoti, anabadilisha antena, inalalamika tena, anabadilisha nyingine. Mi nilishabadilisha tatu.