Kabla hujabomoa nyumba ya zamani katikati ya mji: ufafanuzi kwa wakazi wa Dodoma

Tangu ofisi yetu ianze kukagua vibali vya ujenzi mtaa kwa mtaa, malalamiko kuhusu ubomoaji na ujenzi mpya katikati ya mji yameongezeka, na yamegawanyika pande mbili. Wapo wanaouliza ni lini Serikali itaondoa "magofu ya Uhindini", mtaa wa maduka ya zamani katikati ya mji, ili makao makuu ya nchi yapendeze. Wapo pia wanaotuandikia kwa uchungu nyumba ikiwa imeshageuka kifusi, wakiuliza tulikuwa wapi. Mimi ni mpangaji miji, na naomba niwajibu wote kwa pamoja, kwa sababu wanagusa jambo moja: nani anaamua jengo lipi libaki, na anaamua wakati gani.

Nianze na kauli ninayoisikia hata kwa watu wenye elimu nzuri, kwamba Dodoma ilikuwa pori mpaka Serikali ilipohamia, kwa hiyo hakuna cha kuhifadhi. Si kweli, na kauli hiyo inatugharimu. Misafara ya karne ya 19 kati ya pwani na Tabora ilipita Ugogo, ikanunua chakula na maji kwa Wagogo na kuwalipa watemi wao hongo, yaani ushuru wa kupita. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1910, mji ukakua kuizunguka stesheni: maduka ya Uhindini, ofisi za utawala, makanisa, misikiti, na makazi ya watu. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Mpango Kabambe wa kwanza ulikamilika mwaka 1976, ukiandaliwa na washauri kutoka Toronto, Kanada. Mpango ule ulikataa makusudi mji wa kujionyesha kwa minara. Ulichora makazi ya watu wapatao 28,000 kila moja, yaliyounganishwa kwa njia za mabasi na za waenda kwa miguu, yakifuata vilima na mabonde yaliyopo. Mwanafunzi wa mipango miji anayejifunza kuhusu miji mikuu iliyopangwa upya karne ya 20 anakutana na Brasília, Abuja na Dodoma. Kwa hiyo hata nyumba za enzi ya CDA, ambazo vijana wanaziita za kizamani, zimeshaingia katika historia ya mji huu.

Wakati huohuo mji umebanwa. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika eneo ambalo sasa ni Jiji. Ya 2022 ikakuta 765,179. Serikali imehamia, mji wa ofisi za Serikali umejengwa Mtumba, treni ya SGR inaleta abiria kutoka Dar es Salaam tangu katikati ya 2024. Kiwanja kilichobeba duka moja lenye ua nyuma yake leo kinatafutwa kwa ajili ya hoteli au jengo la ofisi. Mwenye kiwanja anayetamani ghorofa hajakosea, na hakuna afisa wa ofisi yetu anayechukia ghorofa. Nasema hivi kwa sababu tumeshaambiwa mara nyingi kuwa tunazuia maendeleo.

Sasa sheria. Wengi wanaamini kwamba jengo likishakuwa la Mjerumani, linalindwa lenyewe. Haiko hivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalitambua jengo kuwa la kale moja kwa moja endapo lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Reli ilifika hapa mwaka 1910, kwa hiyo majengo yote ya mji yaliyofuata reli yamekosa kigezo hicho kwa karibu nusu karne. Jengo lililojengwa baada ya 1863 hulindwa na sheria hiyo pale tu Waziri mwenye dhamana anapolitangaza katika Gazeti la Serikali. Milango na fremu za milango zilizochongwa kwa nakshi za Kiafrika au za mashariki kabla ya mwaka 1940 zina ulinzi wake zenyewe hata kama nyumba haina, kwa hiyo mfanyabiashara anayeng'oa mlango wa nakshi na kuuza aulize kwanza. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 nayo inaipa mamlaka ya upangaji nafasi ya kulinda majengo yenye thamani ya pekee ya usanifu au historia. Ulinzi huo pia hauji wenyewe. Lazima jengo litajwe, lipimwe, liingizwe katika mpango, na mmiliki asikilizwe.

Maana yake ni kwamba nyumba nyingi za zamani mnazozipenda hazina ulinzi wowote zaidi ya utaratibu wa kawaida wa vibali. Ndiyo maana nitakaa kwenye utaratibu huo kwa kirefu, hata kama unachosha.

Kubomoa kunahitaji kibali. Kujenga kunahitaji kibali. Kuongeza ghorofa, kutoboa ukuta wa mbele ili kupata fremu za biashara, kugeuza nyumba ya kuishi kuwa nyumba ya wageni, vyote vinahitaji kibali. Ombi la kibali cha ujenzi linaambatana na uthibitisho wa umiliki, risiti ya kodi ya pango la ardhi, na michoro ya jengo. Kwa ghorofa, michoro ya usanifu iwe na muhuri wa mbunifu majengo aliyesajiliwa, na michoro ya uimara wa jengo iwe na muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa. Michoro hupitiwa na afisa mipango miji, mhandisi, afisa afya na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kabla ya kuamuliwa. Miradi mikubwa hupitia pia tathmini ya athari kwa mazingira. Malipo hufanyika kwa kontrol namba tu. Anayekuomba fedha mkononi "aharakishe faili" anakuibia, na faili lako halitasogea kwa sababu yake.

Ikiwa matumizi mapya si yale yaliyoandikwa kwenye hati, kubadili matumizi ni ombi la peke yake na hutangulia. Mwombaji hutangaza kusudio gazetini na kubandika bango kwenye kiwanja, majirani hupewa muda wa kuweka pingamizi, kisha ombi hujadiliwa kwenye kamati na kupelekwa Wizara yenye dhamana ya ardhi. Kibali cha ujenzi kinachotolewa kwa matumizi yasiyolingana na hati ni batili, hata kama kina muhuri.

Wapangaji wa majengo ya zamani nao wasikilize. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo mengi ya kupangisha mijini na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 majengo hayo yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Kukaa katika jengo miaka 30 hakukufanyi mmiliki. Ombi la kibali la mpangaji lisilo na ridhaa ya mmiliki kwa maandishi hurudishwa.

Anayeanza kazi bila kibali hupewa notisi ya kusitisha. Akiendelea, jengo hupigwa alama ya X, yeye hufikishwa mahakamani, na mahakama ikiamuru, sehemu iliyojengwa hubomolewa kwa gharama yake mwenyewe. Ikibomolewa na mamlaka, anadaiwa gharama hizo kama deni. Mhandisi na mkandarasi hawasalimiki: bodi zao za usajili zinaweza kuwafutia usajili. Na mwenye kibali anayejenga tofauti na michoro yake, kwa mfano ghorofa nne kwenye kibali cha tatu, anahesabiwa kuwa hana kibali kwa ile ya ziada. Wapo wanaodhani faini ikishalipwa jengo limehalalishwa. Faini ni adhabu ya kosa. Jengo linabaki haramu mpaka lipate kibali au liondolewe.

Nimeambiwa pia, na wiki haipiti bila kuambiwa: "Kiwanja changu, hati yangu, mnaniingilia nini?" Hati ina masharti, na sharti la ujenzi limo humo ndani. Someni hati zenu. Wengine bado wanatuletea masharti ya CDA kana kwamba CDA ipo. Ilivunjwa Mei 2017, kazi zake zikahamia kwenye halmashauri, na hati za miaka 33 ikaelekezwa zibadilishwe kuwa za miaka 99. Aliye na hati ya zamani aje abadilishe kabla ya kuomba kibali.

Hofu ya majirani naielewa zaidi. Uhindini maduka mengi yamejengwa bega kwa bega, na mahali pengine nyumba mbili zinatumia ukuta mmoja. Mmoja akibomoa na kuchimba chini kwa ajili ya maegesho, ukuta wa jirani unabaki umening'inia juu ya shimo. Kwa viwanja vya namna hiyo tunadai, kabla ya kazi kuanza, picha na maelezo ya nyufa zilizopo kwa jirani, mchoro wa kushikilia udongo, na saini ya mhandisi. Wanaolalamika kuwa tunachelewesha wakumbuke ghorofa lililoporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, Novemba 16, 2024. Na kwa wale wanaosema ghorofa hazifai Dodoma kwa sababu ya matetemeko: tetemeko la Novemba 4, 2002 lilifikia ukubwa wa 5.5, na tupo karibu na Bonde la Ufa, hilo ni kweli. Linalodaiwa na ukweli huo ni mhandisi anayejua kupanga nondo kwa ajili ya mtikisiko. Nyumba ya chini ya tofali zisizo na mkanda wa zege inaweza kuwa hatari kuliko ghorofa iliyohesabiwa vizuri.

Jambo ninalotamani wamiliki walione kwa macho yao ni namna nyumba za zamani zinavyoharibiwa na ukarabati wenyewe. Chukua nyumba ya duka yenye ukuta wa mawe au tofali za kuchoma zilizoshikwa kwa udongo na kupakwa chokaa. Ukuta ule huvuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa taratibu kupitia chokaa. Mwenye nyumba akiona chokaa inabambuka, anamwita fundi apige lipu ya saruji, kisha rangi ya mafuta juu yake. Unyevu unakosa njia. Chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, udongo unaoshika mawe unalainika, na baada ya masika kadhaa lipu inavimba kama mkate na kuanguka ikiwa na vipande vya ukuta. Hapo mwenye nyumba anatuambia jengo limechoka na halifai. Limeharibiwa na dawa aliyolipa. Chokaa ingegharimu kidogo na ingeliacha jengo likiwa zima.

Na majengo mapya? Nimeona michoro mingi iliyonakiliwa kutoka Dubai, vioo juu hadi chini, upande mrefu ukiangalia magharibi. Mwombaji anaona fahari. Mimi naona chumba cha saa tisa alasiri mwezi wa Novemba, kiyoyozi kikinguruma, mapazia yamefungwa na taa zimewashwa mchana kweupe. Mgogo aliyejenga tembe alifahamu hali ya hewa ya hapa vizuri kuliko mchoro ule: kuta nene, paa la udongo, madirisha machache, nyumba fupi isiyopigana na upepo wa vumbi. Sisemi turudi kwenye tembe. Nasema wabunifu majengo wetu wasome jua na upepo wa Dodoma kabla ya kuchora, waweke vivuli juu ya madirisha, waelekeze vioo kaskazini na kusini.

Pia warudishe baraza. Maduka ya zamani yaliacha baraza lenye nguzo mbele, na mtu alitembea kivulini duka hadi duka. Jengo jipya linalosogea hadi mpaka wa kiwanja na kuweka ngazi za marumaru barabarani limemnyang'anya mama lishe na mtembea kwa miguu kivuli ambacho hakikuwa cha mwenye jengo peke yake. Katika ukaguzi wa michoro ya katikati ya mji mimi huuliza kwanza habari ya baraza, na nitaendelea kuuliza. Jengo jipya la ghorofa sita linaweza kuwa na baraza. Linaweza hata kubakiza ukuta wa mbele wa duka la zamani na kupanda nyuma yake. Ni kazi ngumu zaidi kwa mbunifu, na inawezekana.

Kwa wanaotuandikia baada ya nyumba kubomolewa, naomba mje mapema. Bango likibandikwa kwenye kiwanja, lisome na uandike tarehe. Pingamizi lina uzito likifika ndani ya muda uliotajwa kwenye tangazo. Likichelewa linabaki maoni. Mapendekezo ya kulinda jengo hayahitaji kusubiri bango wala ombi la mtu yeyote. Yaandikwe wakati wowote kwa Mkurugenzi wa Jiji, na nakala iende Idara ya Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii. Taja namba ya kiwanja na kitalu, mtaa, anayelitumia jengo sasa, umri wake na umejuaje, na kwa nini lina thamani kwa watu zaidi ya familia yako. Ambatisha picha za mbele, ndani na paa. Ushuhuda wa wazee wa mtaa upitie kwa mwenyekiti wa mtaa na uwe na saini zao. Barua isiyo na namba ya kiwanja huchelewa sana, kwa sababu afisa analazimika kuzunguka mji akitafuta jengo kwa maelezo ya "lile la bluu karibu na stendi ya zamani". Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa mapokezi, kwa kuwa tarehe ya muhuri huo ndiyo itakayohesabiwa.